Kutu Kwenye Bastola ya Marehemu Pazi

Usingizi unamchukua Mwinshehe mchana kweupe, uani kwake Kisarawe, juu ya mkeka, kitambaa cha mafuta ya taa mkononi na bastola ya marehemu baba yake mapajani. Tangu matanga yaanuliwe hana kazi nyingine ila hiyo. Mkewe, Tatu, amemwambia mara chungu nzima aipeleke polisi, naye hujibu nitaipeleka, nitaipeleka, huku akiisugua kwa msasa. Silinda yake, kile kigurudumu kinachobeba risasi, imegandishwa na kutu, haizunguki wala haifunguki, na humo ndimo lilimo linalomkosesha raha. Mzee Pazi, aliyelinda ghala la korosho miaka nenda rudi, aliapa kuwa hajawahi kufyatua hata risasi moja. Lakini siku ya maziko Mihambo, mtani wao Mnyamwezi, aliruka kaburini akajilaza humo, akapiga kelele kwamba hatoki, huyu mnayemzika ni muuaji, kwanza mleteni aliyeuawa naye wazikwe pamoja! Watu walicheka mpaka wakashika mbavu, kwani maneno ya mtani msibani hayawekwi moyoni. Mwinshehe peke yake ndiye aliyeyaweka. Mzaramo mzima, kazaliwa na kukulia kwenye utani, kashika neno la mtani! Risasi zikiwa zimo zote, baba yake ni msafi. Ikipungua moja, hajui atamkumbuka vipi.

Anasugua, anasinzia, anasugua, na mdomo wa bastola unapanuka mpaka unakuwa mlango, naye anainama anaingia. Ndani kuna barabara iliyosokotwa kama kamba, inapanda bila kupanda, inampitisha alipokwisha kupita na pale pamekuwa pengine. Vumbi lake ni kutu, linamganda miguuni. Haogopi, anashangaa tu, anajiuliza kifundi fundi ni nani aliyeipiga msasa barabara ndefu hivi na alianzia upande upi. Inamfikisha kwenye mji wa kuta za chuma zilizong'arishwa zikawa vioo, na kila ukuta unamwonyesha Mwinshehe wake: huku ni mtoto, huku ni kikongwe, huku amevaa koti la kaki la baba yake, naye anasimama kulikagua kama limemkaa vizuri. Kwenye kona ameketi mtu asiye na uso, laini kama yai. Shikamoo, anasema Mwinshehe, maana umri wa mtu asiye na uso utaujuaje. Marahaba Mzaramo, anajibu yule mtu, umeiacha ngoma kwenu inalia ukaja huku? Mwinshehe anacheka, kumbe huyu naye mtani. Silinda iko wapi, ndugu yangu? Unatembea ndani yake. Basi niambie, baba aliua? Yule mtu anakuna pale ambapo pangekuwa na pua. Kitendawili, anasema. Tega, anajibu Mwinshehe. Ukikisugua kidogo hakionekani, ukikisugua sana kinakwisha. Kutu! Umekosa, nipe mji. Haya, nakupa huu huu wa vioo. Yule mtu anaushukuru, anaukunja mji kuta kwa kuta, anautia kwapani na kusema, jibu lake ni baba wa mtu, kisha anaondoka nao.

Panabaki nyumba moja ya mviringo, inazunguka polepole, milango pande zote. Mwinshehe anafungua wa kwanza, anamkuta mtu amelala, amejifunika shuka ya rangi ya shaba gubigubi, anakoroma. Anafungua wa pili, naye amelala. Kila mlango ana mlalaji wake, hakuna aliyeamshwa, na moyo wa Mwinshehe unazidi kuwa mwepesi. Mbele ya mlango wa mwisho, kwenye kigoda, ameketi Mzee Pazi mwenyewe. Mwinshehe hakujua kama alikuwa na hamu naye kiasi hicho. Baba, nipishe nione. Mimi nilikwambia mara ngapi, mwanangu? Mara nyingi, baba. Na Mihambo? Mara moja tu. Na bado unataka kufungua. Mwinshehe anaona aibu, machozi yanamtoka, lakini mkono wake umekwisha kufika kwenye komeo, unawashwa kujua, na mzee anasogeza kigoda chake kando. Anavuta.

Baba Mwanaidi, unalia nini? Ni Tatu, amemshika bega, na jua limeinama. Bastola iko wapi, anauliza Mwinshehe. Bastola gani tena? Si tuliipeleka polisi wote wawili wiki iliyopita? Afande akaifungua mbele yetu, risasi zote zimo, hata moja haijapigwa, ukamkumbatia mtoto wa watu mpaka kofia ikamdondoka. Umesahau? Mwinshehe hakumbuki afande wala kofia. Viganja vyake ni vyekundu kwa kutu. Anamtazama mkewe usoni kwa makini, macho, pua, mdomo, kila kitu kipo mahali pake. Habari ni tamu, tamu kuliko alivyozoea kuletewa na dunia, na anatamani Tatu airudie, japo mara moja tu. Swali linamfika mdomoni. Analimeza, anaomba chai, kwa sababu anaogopa kwamba akiuliza tena ataamka.