Oili Iliyonuka Petroli

Rubani aliporudi baada ya miaka miwili ya kazi ugenini, alikwenda kulichukua gari lake la spoti nyumbani kwa mdogo wake. Alilikuta gerejini, limefunikwa turubai vilevile alivyoliacha. Akaliwasha. Injini ilipopata moto, mshale wa presha ya oili ukateremka mpaka karibu na sifuri.

Akazima upesi. Kazi ilimfundisha kuamini mishale kuliko midomo ya watu.

"Shemeji, nani alikuwa analiendesha?"

Mume wa mdogo wake alikuwa amesimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mimi sijui. Ufunguo anao mwenyewe mke wangu."

Kilomita hazikuongezeka hata moja, na hilo ndilo lililozidi kumtia shaka. Anayeweza kuchezea kilomita atashindwa nini kingine?

Akamwita fundi wake, mama wa makamo asiyependa maneno mengi. Fundi alianza na sensa inayopima presha ya oili, maana gari likilala sana, sensa nayo husema uongo. Akaitoa, akafunga geji yake mwenyewe. Geji ikasema yaleyale.

"Sensa haina kosa." Akachomoa kijiti cha kupimia oili. "Mbona imezidi alama? Nani kaongeza?"

"Hakuna," shemeji akadakia.

Fundi akanusa, akampa rubani naye anuse. Petroli.

"Kuna mtu kamwagia?" rubani aliuliza, jicho kwa shemeji.

"La. Injini ikiwashwa ikazimwa kabla haijapata moto, petroli huteremka kwenye oili. Mara moja si neno. Hili limewashwa mara nyingi mno bila kwenda popote. Oili imekuwa nyepesi kama maji, ndiyo maana presha inashuka."

Shemeji akageuka kumtazama mkewe, aliyekuwa ameganda kwenye mlango wa jikoni. "Si nilikuuliza huwa unafanya nini huku?"

Hakuuliza kwa sauti kubwa, lakini mke aliinamisha kichwa kama aliyezoea. Rubani akaliona hilo, na shaka yake ikahama kutoka kwenye gari.

"Shemeji, hebu mletee fundi maji ya kunywa."

Alipotoka tu, mdogo mtu akanong'ona, "Ni mimi, dada."

"Ulikuwa unakwenda wapi?"

"Siendi kokote. Nafungua mlango wa gereji, nawasha, nakanyaga mafuta. Unaijua sauti yake. Nikilia humo ndani, hanisikii mtu."

Fundi akajitia kutafuta spana.

"Anakupiga?"

"Hapana. Ananichunga kama mwizi. Simu anakagua, nikienda dukani yuko nyuma yangu. Hata nikilia anataka kujua namlilia nani."

Shemeji akarudi mbio, nusu ya maji yamemmwagikia mkononi. "Mlikuwa mnasema nini?"

"Oili," rubani akajibu.

Fundi akamwaga oili yote, akabadilisha chujio pia, akatia oili mpya. Injini ikapata moto, mshale ukasimama pake. Rubani akapumua.

"Mdogo wangu, chukua mkoba, twende tukalijaribu barabarani."

"Mtarudi saa ngapi?" shemeji akauliza.

"Mimi narudi kwangu. Yeye atajiamulia."

Mdogo mtu aliingia ndani, akatoka na mkoba na begi la nguo. Shemeji aliliona begi, akafungua mdomo, lakini fundi alikuwa amesimama katikati yao, anafuta mikono polepole kwa kitambaa.

Kabla hawajafika kona simu ikaanza kuita. Mdogo mtu akaitazama, akaizima, akauliza kama anaweza kufungua dirisha.