Sauti ya Mbwa wa Nyasi

Mbwa alikuwa amebakiza hatua chache tu afike motoni, penye mkia wa kangaruu unaochomwa. Alikuwa mbwa wa nyasi, mama mkubwa wa Janelle alimsuka na kumfunga kwa nyuzi za sufu nyekundu, na katika filamu waliyokuwa wakiitengeneza wawili hao, hatua zake zilitoka mikononi mwao: unasogeza mguu kidogo, unapiga picha, unasogeza tena, kabla upepo haujamvuruga manyoya au kivuli hakijahama mchangani.

"Wewe Janelle, huyo mbwa au ngamia?" mama mkubwa alimtania. "Mguu huo unampeleka wapi?"

"Tulia, mama, jua linatukimbia."

"Likimbie! Kesho si litarudi?"

Sauti ya mbwa ilikuwa ya mama mkubwa. Aliirekodi kwenye simu ya Janelle, kwa koo lake la kukwaruza: "Niachieni mkia! Msinimalizie mkia wangu wa kangaruu!" Elva mdogo, binti wa Janelle aliyepewa jina la bibi huyo, alicheka mpaka akakaa chini. Janelle alitaka hilo tu: mwanawe akue akiisikia sauti ile.

Kabla hawajamaliza, mama mkubwa alipelekwa mjini, figo zimegoma. Akarudi ndani ya sanduku.

Nyumba yake ikafagiwa kwa matawi, ikaachwa tupu. Jina lake likawekwa mbali na midomo, maana kwao jina la marehemu halitamkwi wala sauti yake haisikilizwi mpaka msiba upoe. Mjomba Clem, kaka wa marehemu, akamwendea Janelle, macho chini.

"Ile sauti, mwanangu, ifungie. Hatuwezi kuisikia."

"Mpaka lini, mjomba?"

"Mpaka tuweze."

"Na mtoto wangu nimwiteje?"

"Kunmanara. Kama wote wanaopoteza jina kwa ajili ya marehemu. Unajua."

Alijua. "Basi mbwa nimfikishe, bila sauti?"

"Mfikishe."

Akaenda mchangani na mtoto, karibu na kambi ya matanga. Akawasha moto, akamsogeza mbwa, picha baada ya picha, bila mtu wa kumtania. Kisha akazitazama zote kwenye kamera. Mbwa alifika motoni, akafungua mdomo. Kimya.

"Niachieni mkia!" mtoto akadakia, kwa mkwaruzo uleule, kama bibi mwenyewe.

Kambini maongezi yakakatika. Kilio kikapanda.

Janelle akamvuta mtoto kifuani, akamziba mdomo.

"Nyamaza, E—"

Akajikatiza. Jina la kumtuliza nalo halikutamkika tena. Chini ya kiganja chake, midomo midogo iliendelea kuuomba mkia.