Mashati Mawili Mbele ya Nyumba

Vitabu vinne binti alikuwa navyo. Mkutubi ndiye aliyemtafutia, naye akavisoma wiki tatu mpaka herufi zikawa zinamchezea machoni: watu wa hadithini wanaojivika sura za wengine, na wataalamu wanaobishana kwa nini. Kilichomnyima usingizi ni sharti la mwisho la mhadhiri kuhusu insha yake. Alitaka shuhuda mmoja aliye hai, aliyewahi kujificha katika sura isiyo yake, kwa jina na sahihi. Bila shuhuda, insha haipokelewi na mwaka unarudiwa. Binti alikwisha kuurudia mara moja.

Jumamosi nzima alizunguka. Kinyozi alimcheka. Fundi cherehani alisema yeye hajabadilika tangu azaliwe, kama haamini aulizwe mumewe. Binti akarudi miguu ikimwaka moto, akaketi kizingitini. Mama yake alikuwa anaanika nguo, na mwisho kabisa, upande wa barabarani, akaanika mashati mawili makubwa ya kiume.

Binti akayatazama kama mgeni. Baba alikufa kabla hawajahamia mtaa huu, miaka kumi na moja sasa. Mashati yalifuliwa kila Jumamosi, yeye mwenyewe akiyapiga pasi, wala hakuwahi kuuliza. Mlango ukibishwa, mama hukohoa kwanza, kikohozi kizito cha kiume, ndipo afungue. Majirani walijua kuna mzee mgonjwa ndani. Mtaa mzima kauzunguka, kumbe shuhuda yuko kwao!

"Mama, nikuandike?"

Mama akakaa chini, akavua kandambili. "Andika, mwanangu. Nami nimechoka kukohoa." Akaeleza yote. Mwezi wao wa kwanza hapa mlango ulivunjwa mara mbili. "Mwizi haogopi kufuli," akasema, "anaogopa shati." Akatia sahihi, akaingia chumbani kujinyoosha, na hapo hapo usingizi ukamchukua.

Ndipo binti akakumbuka nani atakayeichapa. Mwenye mashine ya kuchapa alikuwa jirani mmoja tu, jina lake la mtaani Redio, kwa sababu alichokichapa asubuhi kilijulikana kisimani kabla ya adhuhuri. Na insha alikuwa anaifuata jioni hiyo hiyo.

"Hodi! Hodi wenyewe!"

Binti akachungulia chumbani. Mama hakusikia. Alilala mdomo wazi, mikono ingali na mikunjo ya maji, na binti akamwonea huruma. Akauchomoa ule ukurasa wenye sahihi, akaukunja, akautia kifuani. Kisha akaugeukia mlango uliofungwa, akakohoa mara mbili, kwa uzito wote aliokuwa nao, ndipo akafungua.

Redio akapekua karatasi. "Hapa umeandika 'Shuhuda', halafu patupu. Si watakurudisha mwaka hawa?"

"Najua."

Redio akatikisa kichwa. Akanyoosha shingo kuelekea chumbani, akaita kwa adabu, "Shikamoo, mzee! Ugua pole."

"Ndiyo kwanza amelala," binti akasema, akatoka kwenda kuanua mashati.