Joto la Kiti cha Mbele

Kwa mara ya tatu mwezi huo, gari jeusi la bosi liliingia gereji na ugonjwa uleule. Ukiweka AC nyuzi ishirini na mbili, yenyewe inapuliza baridi la kugandisha masikio. Lilikuwa gari la kifahari la miaka ya nyuma, viti vya ngozi tupu, na bosi alikuwa anapanda nyuma amejifunga blanketi kama mgonjwa.

Fundi wa AC, ambaye gereji nzima ilimwita Mama Baridi, hakuwa mtu wa kubahatisha. Alipima gesi, iko sawa. Akasikiliza vimota vya kufungua na kufunga njia za hewa, vyote vinazunguka. Akachomeka mashine ya kusomea hitilafu, ikamwambia yaleyale: sensa ya ndani, ile iliyojificha kwenye kitundu cha dashibodi, inasoma nyuzi hamsini na nane. Alishaibadilisha mara mbili. Zilizotolewa zilikaa kwenye droo, na droo hiyo haishikiki kwa moto. Wenzake wanaanikia soksi juu yake.

"Basi ni kompyuta," alisema mdogo wake, dereva wa gari hilo, wiki ya tano tu kazini.

"Kompyuta gani? Hebu ninyamazie nifikiri."

Saa tisa alasiri dereva wa zamani akaja, akafungua mlango, akakaa mbele upande wa abiria. Alikuwa amekufa tangu mwezi wa pili. Shati limemganda mgongoni, jasho linamchuruzika mpaka viatuni. Mama Baridi akaondoa spana zake kitini asizikalie.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sensa usiibadilishe tena. Haina kosa, inanisoma mimi."

Akaeleza bila kinyongo. Bosi akiwa mkutanoni, dereva anasubiri ndani ya gari: injini imezimwa, vioo vimepandishwa vumbi lisiingie kwenye ngozi, mkanda umefungwa ili akiitwa aondoke papo hapo. Siku ile mkutano ulichukua saa nne. Kwenye cheti cha kifo wakaandika moyo. Tangu hapo joto halijamtoka, na gari, maskini, linahangaika kumpoza.

"Siku watakayoruhusu vioo vishushwe, nitapoa," alisema.

Mama Baridi akamgeukia mdogo wake. "Na wewe unasubiri hivyohivyo?"

"Ndiyo kazi yenyewe, dada."

Bosi alipokuja kulichukua gari, Mama Baridi akamweleza yote bila kupindisha maneno. Bosi akachungulia kiti cha mbele, akamwona marehemu, akaangalia saa yake.

"Huyu si alishaacha kazi?" akauliza. "Fundi, mimi nimekuletea gari, sikukuletea taratibu zangu. Kama limekushinda, sema. Na dereva nitatafuta mwingine."

Mdogo wake akamvuta kando. "Usinimwagie unga, dada. Miaka mitatu nimekaa nyumbani. Nakuomba."

Kuna ujanja ambao kila fundi wa AC anaujua na hakuna anayejisifia. Unakata waya za sensa, unachomea kirezista kidogo mahali pake, na kompyuta inaamini ndani ni nyuzi ishirini na mbili, hata gari liungue. Mama Baridi alichomea kwa hasira. Baridi likapungua. Bosi akakunja blanketi, akasema kumbe kazi anaijua.

Kesho yake hakukalika. Alishika spana, akaiweka, akaishika tena. Mchana akaacha gari la watu limefunuliwa boneti, akaenda kwa miguu mpaka ofisini kwa bosi.

Gari lilikuwa juani, vioo juu. Mdogo wake yumo, mkanda kifuani, macho nusu yamefumba. Marehemu alikuwa pembeni yake, anampepea kwa gazeti.

Mama Baridi akagonga kioo. Akavuta mlango, umefungwa. Mdogo wake akafumbua macho, akajilazimisha kutabasamu, akaonyesha kwa kidole juu, kwenye ghorofa ya mikutano, kisha akamfanyia ishara aondoke asije akaonekana. Mama Baridi alijichukia, akalia palepale barabarani, kiganja kimebandikwa kwenye kioo kinachounguza.

Marehemu akabadilisha mkono, akaendelea kupepea.