Kiuno Kilichomleta Wifi

Wifi aliingia bila hodi, mkoba mtupu begani, akanitazama kiunoni kabla hajanitazama usoni.

"Umekonda, wifi yangu. Unamkondea nani?"

Salamu gani hiyo asubuhi? Nilikuwa jikoni, mkeka bado uko sakafuni, jasho linanitiririka, na mume wangu, kaka yake huyo huyo, yuko chumbani anasikia kila neno. Tangu alipoanguka kutoka kwenye paa alilokuwa akiliezeka, miguu yake haina kazi. Mimi ndiye namtoa kitandani, namweka kwenye kiti cha magurudumu, namwogesha, namrudisha. Na ni mwanaume mzito, asikudanganye mtu.

Mgongo wangu ulivumilia mpaka ukagoma. Ilifika mahali siwezi kuinama kuvaa viatu. Mtaalamu wa viungo hospitalini akanieleza kwamba tumbo ndilo linalousaidia mgongo, na tumbo langu limelegea. Akanifundisha kulala chali, nikaze tumbo na kuinua mguu mmoja mmoja, kisha nigeuke nijiegemeze kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka, nisibane pumzi. Nikawa nafunga mlango wa jikoni, nafanya. Kiuno kikapungua chenyewe, magauni nikayabana. Nilitakiwa nivae magunia? Mume wangu sikumwambia. Ningemwambiaje kwamba uzito wake unaniumiza? Angeacha hata kuomba maji ya kunywa.

"Nakuuliza wewe," wifi akasema. "Mke ambaye mumewe hajiwezi anajipunguza kiuno cha nini? Watu wanasema una mtu."

"Watu gani?"

"Watu."

Akanipita, akaingia chumbani, akafungua kabati, akaanza kutia mashati ya kaka yake mkobani. "Anakwenda kukaa kwangu. Gari liko njiani."

Nikisema ukweli, mume wangu atajua ananivunja mgongo, na wifi atapata sababu nzuri zaidi ya kumchukua. Nikinyamaza, mimi ni malaya. Nikachagua kubeba jina hilo. Mume wangu aligeukia ukutani, hakunitetea hata kwa neno moja. Hilo liliniuma kuliko yote ya wifi.

Nikasogea kumkalisha. "Mikono yako siitaki," wifi akasema. Akamshika kwapani, shati moja bado mkononi, akavuta. Wewe, unamvuta mtu kama gunia la mkaa? Mwili ukamponyoka, mume wangu akaanza kuteleza kwenye ukingo wa kitanda, kichwa kinaelekea sakafuni. Nikaruka, nikapiga goti, nikamkumbatia kifuani, nikakaza tumbo kwa nguvu zangu zote. Maumivu yakanichoma kiunoni, nikaguna.

"Mgongo wake!" mume wangu akapiga kelele. "Msaidie, ataumia mgongo!"

Wifi akaduwaa, shati mkononi. "Mgongo gani?"

Mume wangu alikuwa anahema sikioni mwangu. "Namsikia kila siku akiguna huko jikoni. Namwona anavyoshika ukuta akiinuka. Najua ni mimi."

"Sasa mbona uliniambia ana mtu?"

Kumbe wale "watu" ni huyu niliyemkumbatia.

"Ningekuambia anaumwa mgongo," akamjibu dada yake, "ungekuja?"



"Umenifanya malaya kwa ndugu zako," nikamwambia mume wangu.

"Nilitaka anichukue, upumzike."

Nilitamani kumzaba kofi, Mungu anisamehe. Lakini mikono yote miwili ilikuwa imemshika, na nikimwachia anaanguka.

"Huendi popote," nikamwambia, machozi ya hasira yakinitoka. "Na wewe wifi, weka hilo shati chini, umshike miguu."

Akashika.