Fomu Aliyoijaza Dada

Mtaalamu alizima feni kabla Bibi Pamba hajaketi, na kwa hilo tu Bibi Pamba akampenda. Jina hilo alibandikwa na dada yake utotoni, kwa sababu ya pamba alizokuwa akijiziba nazo masikio, likamganda hadi sasa, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mkutubi.

Mtaalamu huyu kazi yake ilikuwa kupima jinsi mwili wa mtu unavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Mtu mzima alijaza fomu yake, na ndugu aliyemwona akikua alijaza nyingine, kila mmoja kivyake. Mama angeijaza vizuri, lakini mama alikuwa na miezi mitatu kaburini. Alibaki dada.

Mazishi ya mama ndiyo yaliyomleta. Vilio vilipopanda na kipaza sauti kikaanza kukoroma, miguu ilimchukua mbio, akajifungia chooni kwa jirani mpaka mama akafukiwa. Mjomba aliapa kutokaa naye chumba kimoja mpaka apewe sababu yenye kichwa na miguu. Ripoti hii ndiyo ingekuwa sababu.

"Haya, tuone," mtaalamu akasema, akizilaza fomu mbili sambamba mezani, mbele ya Bibi Pamba na dada yake. Akakunja uso. "Mmepishana kabisa."

Bibi Pamba akainama kusoma. Kelele humfanya akimbie? Dada alijibu: kamwe. Lebo za nguo humkera mwilini? Kamwe. Alama za vema zilishuka safu moja mpaka chini, hata moja haikuyumba.

"Dada, hata lebo? Si wewe uliyekuwa ukinikatia kwa wembe, kila sare mpya?"

"Kila mtoto ana deko lake."

"Na sokoni? Si ulikuwa ukiniziba masikio kwa viganja vyako tangu getini?"

"Usinipandishie sauti, mdogo wangu. Kelele si ndizo unazozikimbia?"

"Niambie umesahau," Bibi Pamba akasema taratibu. "Nitakuamini."

Dada aliutazama mkoba wake. "Sijasahau. Lakini mimi nilibaki pale. Nilimshika Mjomba asianguke, nikapokea watu, nikamjibu kila aliyeuliza uko wapi. Sasa wewe upewe karatasi, upewe na pole, halafu mimi hasira zangu nizipeleke wapi?"

Mtaalamu akasogeza fomu tupu na kalamu mbele ya dada. "Unaweza kujaza upya. Usipojaza, nitatumia ya mdogo wako, ila lazima niandike kwamba ndugu hakukubaliana naye."

Dada hakuigusa kalamu.

Mjomba angesoma mstari huo kabla ya mwingine wowote. Bibi Pamba alilijua hilo, na hasira za Mjomba angezimeza. Kilichomkata maini ni kwamba watu wawili tu duniani ndio walioujua utoto wake. Mmoja amekufa. Mwingine ameketi hapa, anakumbuka kila kitu, na ameandika kamwe.

"Andika hivyo hivyo," akamwambia mtaalamu.

Dada akasimama, akatia mkoba begani. "Shemeji yako anatusubiri nje na gari. Twende."

"Nendeni," Bibi Pamba akasema, bila kuinua macho kutoka mezani.