Kadi ya Darmi

Mwaka wa tisini na nane, baada ya yale mafuriko makubwa, nilivuka mpaka kutoka Somalia nikiwa na binti yangu Ruwaida mgongoni. Tulifika Minjila, upande wa Kenya, mwili wake ukichemka kwa homa. Watu wa sokoni wakaniambia zahanati ya serikali haimtibu asiye na kitambulisho cha Kenya. Nikawaamini bila kuuliza. Majuto ni mjukuu.

Dado, mama wa Kiorma aliyetukaribisha nyumbani kwake, akafungua kitambaa akatoa kadi ya kliniki. Ilikuwa ya bintiye Darmi, rika moja na wangu. Maji yalimchukua na mwili haukuonekana. Dado hakuzika, hakukaa matanga, hakulia.

"Chukua," akasema. "Wewe sema hii ni Darmi. Watatibu."

Wakamtibu. Sindano tano tu, Ruwaida akaanza kudai maziwa. Lakini kila mwezi ilibidi turudi kupima uzito, na kila tulipotoka, Dado alikuwa njiani akingoja.

"Darmi yangu imeongeza kilo?"

Nilimwonyesha mstari wa uzito kwenye kadi, ule uliokatika wakati wa mafuriko, sasa unapanda. Alicheka kwa furaha iliyonitia baridi. Siku moja nilimwita mwanangu kwa jina lake mara tatu, hakugeuka. Dado akanong'ona, "Darmi," naye akamkimbilia. Niliogopa, sikufichi. Niliona tumemkaribisha maiti, na sasa anadai mahali pake.

Mwezi uliofuata nilimweleza muuguzi Jumwa kwamba kadi si yetu na kwamba sina kitambulisho, nikingoja kufukuzwa. Dado alikuwa amenifuata hadi ndani.

"Kitambulisho? Nani kakwambia?" Jumwa akashangaa. "Mtoto mgonjwa haulizwi kwao, mama. Tungekuandikia kadi yenu siku ileile." Akachukua kadi mpya. "Jina la mtoto?"

Dado akanishika mkono. "Nimo, dada yangu. Kwa hii kadi tu yeye iko hai."

Nilimpenda mwanamke yule. Bila yeye ningekuwa nimezika.

"Ruwaida," nikasema.

Jumwa akaandika. Kisha akamuuliza Dado taratibu Darmi yuko wapi. Dado akafungua kinywa, na kilio cha miezi yote ile kikatoka. Wanawake wakainuka kwenye mabenchi wakatuzunguka.

"Amefiwa na nani?"

"Bintiye."

"Maskini! Lini?"

"Sasa hivi," nikawajibu.